Ile ya Zamani Imeisha

Mimi ni mtu wa wivu na sitaki kuombewa. Mwanamke asiyemwonea bwana yake wivu, ama hampendi ama hajali anakoshinda. Mimi nampenda wangu, na anakoshinda nataka kujua.

Nilitoka Kisii nikaolewa huku kwa majani chai, karibu na Kaplong. Bwana yangu ni Mkipsigis. Lugha yao siijui kupita salamu, na yetu yeye anajua kuitisha chakula tu, kwa hivyo nyumbani ni Kiswahili. Tunagombana kwa Kiswahili, tunaomba kwa Kiswahili, watoto tumewalea kwa Kiswahili. Ulimi wake hauna habari na tofauti ya t na d. Akisema "tata" najua anamuulizia dada yangu. Nimezoea.

Halafu kuna yule mama wa dairi. Ni pale Kaplong tunapopeleka maziwa, na yeye ndiye anayepima. Nusura aolewe na bwana yangu kabla yangu. Mawifi zangu walihakikisha nimejua hilo mapema. Tukikutana naye sokoni wanasalimiana kwa lugha yao, anatupa neno moja tu, na bwana yangu anacheka mpaka anashika kiuno. Nikiuliza amesema nini, naambiwa, "Aa, ni mambo ya ng'ombe." Ng'ombe gani huyo wa kuchekesha kila wiki?

Siku hiyo bwana yangu alikuwa ameenda Siongiroi na gari kuangalia mtamba, arudi tule pamoja mchana. Chakula kikapoa. Nikampigia simu. Mtandao ulikuwa unakatakata, lakini niliyoyasikia niliyasikia.

"Mama watoto, niko kwa dairi hapa Kaplong. Hii ya zamani imeisha kabisa, mpaka ni aibu. Nimeona nichukue mpya."

"Ati nini?"

"Mpya. Moja tu, itatosha..." Simu ikakatika.

Haki ya Mungu! Mimi ndiye hiyo ya zamani? Mimi ndiye wa aibu? Dalili ya mvua ni mawingu, na haya mawingu nilikuwa nimeyatazama miaka. Sikuvua hata gambuti za shamba. Nilisimamisha boda nikamwambia akimbize, na asiniulize kitu.

Nilimkuta yule mama peke yake, anaosha mitungi. Salamu sikutoa.

"Bwana yangu yuko wapi?"

Akaniangalia kutoka gambuti mpaka kitambaa cha kichwa. "Hapa hayuko, mama. Ngoja nimpigie."

Namba hakuitafuta. Na bwana yangu, ambaye simu yangu huita mpaka ichoke, akashika hapo hapo. Wakaongea. Yule mama akasema kitu, na ndani ya simu nikasikia kile kicheko cha kushika kiuno. Kisha akaniambia polepole, kama anafundisha mtoto wa nasari: "Yuko kwa tairi. Ta-i-ri. Hapo ng'ambo ya barabara."

Afadhali ningemfumania! Mtu ukimfumania una la kusema. Mimi nilisema asante.

Nikavuka. Gari lilikuwa juu ya jeki, fundi anakaza nati za gurudumu la mbele. Tairi lililotolewa lilikuwa limelala kando, kipara, waya zimetokeza ubavuni. Yale mengine matatu yalikuwa bado na meno.

"Umekuja!" bwana yangu akasema, na uso wake ulikuwa na furaha ya kweli. "Ona, ni hii ya upande wako ndiyo ilikuwa mbaya. Ingepasuka na wewe umekaa hapo, ningejibu nini kwenu?"

Mwanamke mwingine angeyeyuka. Mimi nilingoja jeki ishushwe, nikaingia garini nikafunga mlango.

Tulipoanza kupanda kuelekea nyumbani nikashindwa kunyamaza. "Amekuambia nini kwa simu ukacheka hivyo?"

"Aa, ni mzaha tu."

"Mzaha upi? Niambie na mimi nicheke."

Hakukataa. Alijaribu. Nilimwona akitafuta pa kuanzia, na majani chai ya watu yakipita huku na huku.

"Mama watoto," akasema mwishowe, kwa upole kabisa, "kwa Kiswahili haichekeshi."