Diski Iliyohama Kiti

Emily Muhonja hajawahi kumpendeza mtu kwa maneno. Mume alimkimbia, kwaya ya kanisa ikamwomba apumzike, na mimi ninayeuza madaftari mlango wa pili hutukanwa naye mara nyingi kuliko ninavyosalimiwa. Lakini seva ikigoma hapa Kakamega mjini, huitwa yeye. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Safari hii aliyemwita ni Clifford, mwenye studio ya video za harusi na mazishi. Clifford ni mjinga mwenye bidii, na hao ndio wabaya zaidi. Alikuwa ameongeza diski mpya kwenye seva na kusasisha mfumo siku hiyohiyo, bila kuweka nakala pembeni. Mashine ilipowaka, sehemu ya diski iliyokuwa na video zote haikuonekana.

Katika video hizo alikuwamo marehemu mzee Osiako wa Lumakanda. Kabla hajafa, aliwaita jamaa wote akatamka mbele ya kamera nani apewe shamba lipi. Seva iligoma zikiwa zimebaki saa chache kufika siku ya kunyoa, siku mali ya marehemu inapogawanywa. Christine, bintiye wa pekee, alisema alipewa shamba la mahindi alilokuwa akililima. Kaka yake Sammy alisema maneno hayo hayakutamkwa kamwe. Nilipochungulia, wote wawili walikuwa studioni wakitazamana kwa chuki.

"Imepotea, imepotea tu," Sammy alisema. "Clifford, futa uanze upya."

"Diski ya pili ndio ilikuwa na video, na iko tupu kabisa," Clifford alijibu, kidole tayari kwenye kibodi. "Wacha basi nifomati hii mpya, ya tatu."

"Guza hiyo kitu nikuvunje mkono!" Muhonja alifoka akiingia.

Akamsukuma Clifford atoke kitini, akakaa yeye. Sammy akauliza huyu ni mwanamke gani asiye na adabu.

"Adabu nimeachia kuku nyumbani. Nyamaza."

Hakuandika chochote kwenye diski. Alisoma tu, moja baada ya nyingine. Kisha akacheka kicheko kibaya.

"Clifford, hii mashine huitanga diski ya kwanza, ya pili, ya tatu, vile zinaitika. Wewe uliiandikia video ziko kwa ya pili. Sasa baada ya kusasisha, ile mpya imeitika mbele, ikakaa ya pili. Ya zamani imesonga ikawa ya tatu. Hiyo ndio ulikuwa unataka kufuta, bure kabisa wewe!"

Akamwonyesha Clifford mstari aliokuwa ameuandika.

"Mgeni akikuja matanga hapa kwetu, tunamuulizanga amekaa kiti gani ama ni wa ukoo gani? Kila sehemu ya diski iko na namba yake ya kuzaliwa. Andika hiyo."

Akaurekebisha mstari ule mmoja, akawasha mashine upya. Video zikarudi zote. Christine akasogea mbele ya skrini. Nilifurahi hadi nikasahau kwamba Muhonja ni adui yangu.

"Siku hizi kompyuta zinatengeneza hata sauti ya mtu," Sammy alisema haraka.

Muhonja akaifungua video ya mzee. Mzee Osiako alikuwa kitini, blanketi magotini. "Shamba la mahindi ni la Christine," alisema. "Mtu asimsumbue."

Mle kwenye video, jamaa wakapiga makofi. Aliyeanza kupiga, akiwa amesimama nyuma ya mzee, amevaa shati lilelile alilovaa sasa studioni, alikuwa Sammy.