Paswedi Niliyoisahau Edani

Mimi na kiburi changu cha kompyuta! Pale steshenari yangu Kitomanga wateja walikuja na flashi zimejaa virusi, mpaka nikachoka, nikaung'oa mfumo wa zamani. Nikajaribu mfumo wa FreeBSD: imara, haina papara, lakini nilishindwa kuiunganisha na printa yangu, na steshenari isiyochapa ni ya nini? Mac niliiona kwa shemeji; nzuri, wallahi, ila bei yake si ya kwetu sisi. Nikabaki na Linux. Zote tatu ni za ukoo mmoja wa Unix, na hazikuruhusu kugusa kitu cha maana bila paswedi. Mimi nikaongeza kufuli: nikafunga diski nzima, mtu akiiba mashine aambulie bati tupu.

Mume wangu alinionya. "Andika mahali, mke wangu."

Nikamcheka. "Ikiandikwa si siri tena hiyo."

Alipougua, akataka kumwachia mama yake maneno. Mama yuko Rutamba, na simu yake ya kitochi mtandao mara upo, mara haupo. Basi akarekodi kwenye simu yangu, sauti inakatika. Simu ilikuwa inazimika ovyo, nikahamishia rekodi kwenye kompyuta ya dukani, ya simuni nikaifuta. Wiki hiyohiyo mteja mmoja akavikodolea macho vidole vyangu nikiandika paswedi. Nikaibadilisha. Siku tatu baadaye mume wangu akafariki.

Nikakaa eda, miezi minne na siku kumi, sitoki, duka limefungwa. Mwezi wa kwanza wifi yangu aliniomba paswedi akamfungulie mama asikilize. Nikamjibu kwamba haitolewi, wasubiri nitoke. Baada ya hapo sikuiwaza tena. Nilikuwa nalia na kuomba dua, basi.

Siku niliyotoka, mama mkwe alikuwa ameshafika, kajifunga khanga mpya. Tukaenda dukani wawili. Nikaiwasha mashine, ikauliza paswedi, na mimi sikuwa nayo kichwani. Nilijaribu hii, nikajaribu ile, jasho linanitoka, adhuhuri ikaadhiniwa ningali palepale.

Nikampigia fundi wa Lindi mjini. Akasema hata ingekuwa Mac au FreeBSD, diski ikishafungwa hivyo hakuna pa kupenyea, na usalama wenyewe ndio huo. Nilimchukia yule fundi, Mungu anisamehe, kwa kusema kweli.

"Mama, hakuna mwizi aliyeingia," nikamwambia mama mkwe. "Mwanao nimemfungia mimi." Nikalia mbele yake kwa aibu.

Hakunigombeza. Alivuta kiti, akakaa karibu na ile mashine.

"Alianzaje?" akauliza.

"Alianza, 'Mama, shikamoo.'"

Akakigeukia kile kioo cheusi.

"Marahaba, baba," akasema, akangoja.