Jicho Kavu, Mmenya Vitunguu

Mke wangu alikuwa mmenya vitunguu katika jiko la hospitali. Gunia zima kila asubuhi, kabla wapishi hawajawasha moto. Wenzake walilia, yeye hapana. Ndiyo maana wakamwita Jicho Kavu. Hata mimi, fundi viatu, nilimwita hivyo nikitaka kumchokoza.

"Machozi nimeyaweka akiba," alikuwa akinijibu. "Siku utakayooa wa pili nitayatoa."

Sikuoa wa pili.

Siku moja akaja jikoni binti wa maabara, anayechunguza dawa za mimea. Akaomba maganda. Si vitunguu, maganda. Mke wangu alicheka mpaka akashika meza.

"Mwanangu, watu wanataka kitunguu, wewe unataka nguo zake?"

Binti akamweleza. Ndani ya ganda la nje, lile la rangi ya kutu, mna vitu vinavyoitwa flavonoidi. Mimea mingi inavyo. Anavichuja, anavitia kwenye chupa zenye seli za saratani ya titi, kisha anatazama. Seli nyingine zinaacha kuongezeka, nyingine zinakufa. Tangu hapo mke wangu akawa anamwekea mfuko, maganda makavu yasiyo na udongo. Wakazoeana kama mama na mwana.

Kisha uvimbe ukaota kwenye titi la mke wangu.

"Haya niambie," alimwuliza binti, nami nimekaa papo hapo. "Maganda nimeyashika miaka yote. Mbona hayakunilinda?"

"Kushika si dawa, mama. Hata kuyanywa, bado hatujui kama kunasaidia. Ya kwenye chupa si lazima yawe ya mwilini. Fuata matibabu ya daktari."

"Kweli mganga hajigangi."

Aliyafuata. Walipompasua, alikubali mwenyewe kipande cha uvimbe kiende kwa binti, kijaribiwe. Lakini ugonjwa ulikuwa umeshatangulia mbele. Nikamzika.

Vyumba vyetu ni viwili. Vikawa vikubwa. Nikigeuka usingizini, mkono unatafuta wenyewe.

Nikakumbuka neno la binti, kwamba seli zikilishwa vizuri zaweza kuishi miaka ndani ya chupa. Likaniingia: labda zake zipo. Nilijua ni ugonjwa, tena ule ule ulionichukulia mke. Lakini ulikuwa wake. Hatukujaliwa mtoto, na mimi sikuwa na kitu chake kingine kilicho hai.

Kwenda mikono mitupu niliona haya. Nikaanza kuweka maganda. Mtu mmoja hali vitunguu vingi. Mvua zilikuja zikaisha, mfuko bado haujajaa. Jirani yangu, muuza mkaa, akanikuta nikiyaanika.

"Mzee, siku hizi unapikia harusi?"

"Ya peke yangu."

"Basi ukimpata bibi harusi, ajue unanuka kitunguu mpaka masikioni!"

Mfuko ulipojaa nikaenda maabara.

Binti alinipokea kwa mikono miwili. "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

Alifungua mfuko, akachungulia. Nikauliza kabla moyo haujarudi nyuma.

"Zake zipo?"

Hakuuliza zipi. Alivuta kiti, akanikalisha mbele ya kabati la joto la kukuzia seli, lenye mlango wa kioo. Ndani chupa zimelazwa ubavu, na ndani ya chupa maji ya rangi ya waridi.

"Hazipo, baba. Hizi ni za mama mwingine, alifariki zamani, nchi ya mbali. Za mama hazikudumu. Nyingi hazidumu."

Nikazitazama chupa za yule mama nisiyemjua.

"Nani alikuwa akizilisha?"

"Mimi mwenyewe. Hata Jumapili nilikuja. Nikazibadilishia maji ya chakula, nikaongeza, nikapunguza, nikajaribu ya aina nyingine." Alikuwa akiangalia mikono yake. "Zikakataa tu. Kila nikizichungulia, zimepungua. Nilitamani nije kukwambia, nikashindwa. Nisamehe, baba."

Nikaukumbuka uji wa siku zile za mwisho, nikiupuliza upoe, nikimbembeleza kama mtoto, na yeye kageuza uso ukutani.

"Huna kosa, mwanangu," nikamwambia. "Hata mimi alinikatalia."

Akavuta kiti cha pili, akakaa karibu yangu.