Jukwaa la Maziwa la Komujuni

Salvina Komujuni, binti wa Nabasa aliyehamisha ng'ombe wa Kihanga mwaka wa ukame asipoteze hata ndama. Mjukuu wa mkunga aliyepokea nusu ya watoto wa Chonyonyo. Yeye mwenyewe alisukasuka maziwa, akauza samli, akasomesha wanawe wote. Huyo ndiye jirani yangu hapa Omurushaka, ukuta kwa ukuta.

Goti lilipokataa vilima alipanga chumba kimoja hapa mjini. Chumba kilichopangika vile sijaona. Kitanda kimeinuliwa kwa matofali, chini yake sufuria zimevaana, kubwa imemeza ndogo. Akipewa kikombe kipya, cha zamani kinatoka siku hiyo hiyo.

"Mama Tuyizere," huniambia, "kitu usichokitumia ni mgeni asiyejua kuaga."

Kimoja tu kilimshinda kukitoa: jukwaa la ebyanzi, vile vyombo vya mti vya maziwa. Kwa wafugaji wa huku, jukwaa hilo hukaa karibu na kitanda cha mama, na bila hilo nyumba haiitwi nyumba. Lilikula upande mzima wa chumba.

Basi Immaculata, binti wa mwanawe Kaijage, akapata nafasi ya kujifunza ushonaji hapa mjini. Komujuni akataka sana mtoto akae kwake. Kaijage akacheka kwenye simu: "Mama, humo hata panya akitaka kugeuka anatoka nje kwanza! Nitakuja naye Jumapili. Nisipoona pa kulala, narudi naye kwenye ng'ombe."

Jumamosi nikasikia nyundo, nikaenda. Jukwaa limevunjwa! Fundi Placidius anapigilia mbao zilezile ziwe kitanda. Vyombo vinne vimefungwa kwenye kitenge. Komujuni machozi yanamtoka, huku anamgombeza fundi: "Kaza misumari! Mjukuu wangu si kuku wa kulala tunduni."

Kaijage akaja baada ya misa. Kitanda hata hakukitazama. Alitazama ukuta mtupu.

"Mama, umevunja jukwaa? Baba angekuwapo angesemaje?" Akamshika binti mkono. "Twende."

Komujuni hakupandisha sauti. "Maziwa ya jukwaa lile aliyanywa nani, Kaijage? Si nyie watoto? Leo limlaze mtoto mwenyewe. Ng'ombe wako kwako. Vyombo hivi vinne vichukue, mkeo avitengenezee jukwaa palipo na ng'ombe. Mimi nimebaki na kimoja, kinanitosha."

Kaijage akauachia mkono wa binti. Halafu, jamani, akajilaza kwenye kile kitanda. Miguu ikaning'inia nje.

"Kifupi," akasema.

"Kwani unalala wewe? Toka na viatu vyako!"

Tulicheka mpaka Kaijage naye akacheka. Akainuka, akabeba kile kifurushi cha kitenge kama anayebeba mtoto mchanga, akamwachia binti begi lake.

"Shikamoo, Bibi," akasema Immaculata, sasa ndipo anapumua.

"Marahaba, mke mwenzangu. Njoo hapa." Komujuni akampa kile chombo kilichobaki. "Maziwa yanakuja na pikipiki asubuhi. Kuanzia kesho hiki utakifukiza wewe, kwa majani makavu, moshi uingie mpaka chini, ndipo utie maziwa. Haya, shika. Siyo mkono mmoja, mwanangu. Yote miwili."