Nyuma ya Pakiti

Fundi anayeshona kwenye cherehani iliyo jirani na yangu hachagui chakula, ila ngano haipatani kabisa na tumbo lake. Kipande kidogo tu cha mkate humlaza kitandani siku mbili. Kwa hiyo kila pakiti anayopewa huigeuza kwanza, akapitisha kidole chenye alama za sindano juu ya yale maandishi madogo, polepole, kama anavyokagua mshono wa mteja msumbufu. Akimaliza husema, "Hii si yangu," kwa sauti ileile anayotajia vipimo, akaisogeza kwetu mafundi wenzake na kurudi kwenye cherehani yake.

Wiki iliyopita mpiga pasi wetu alimletea pakiti ya biskuti iliyoandikwa "Haina ngano" kwa herufi kubwa, akasimama pale akitabasamu. Kidole kilishuka mstari kwa mstari, kikakwama kwenye neno shayiri, ambayo nayo humdhuru vilevile. "Asante, kaka," alisema, akaiweka mezani taratibu. Mpiga pasi alirudi kwenye pasi yake.

Leo asubuhi ameleta boksi la biskuti nyingine. Fundi aliligeuza, akakuta kila kiungo kimewekewa alama ya vema kwa chaki yetu ya kuchorea vitambaa, hadi chumvi. Safari hii kidole hakikushuka. Alitoa biskuti moja, akaitafuna kwa muda mrefu, makombo yakidondokea futi iliyoning'inia shingoni mwake.

"Kaka, hizi zina ladha ya boksi," alisema, akachukua ya pili.