Magurudumu ya Mbele Nayo Yavute

Mwanangu, iko siku moja ya ujana wangu ambayo kila nikiikumbuka hucheka peke yangu, halafu naona haya. Imenirudia juzi nilipokusikia ukiwaambia wenzako kwamba ile gia ya magurudumu ya mbele kwenye trekta lako dogo ni mapambo tu. Sikutaka kukusahihisha mbele ya wageni. Leo hakuna mgeni, basi kaa unisikilize, na chai yako unywe isipoe.

Wakati ule Mwingereza bado anatawala, nami nilikuwa kijana wa Ipuli, kofia nzuri kichwani na ndani ya kichwa hamna kitu. Nilikuwa dereva wa Mzee Salum, fundi na mfanyabiashara wa pale mjini Tabora, mtu wa swala tano na maneno machache. Alikuwa amelipata trekta dogo kwa mzungu mmoja mkulima wa tumbaku aliyekuwa akirudi kwao. Dogo kweli, ukilisimamisha karibu na matrekta mengine lilionekana ndama. Lakini kando ya kiti palikuwa na kijiti cha chuma, na ukikivuta, magurudumu ya mbele yanavuta pamoja na ya nyuma. Siku hizi mnaiita fowili. Sisi tulisema trekta la miguu minne.

Madereva wenzangu pale sokoni walinicheka. Walisema dereva wa kweli hutoka matopeni kwa ufundi wake, na anayevuta kijiti ni mwoga. Nami nikayameza maneno yale mazima mazima. Kijana humsikiliza wa rika lake kuliko aliyemzaa, hata wewe unajua.

Mwaka huo nilikuwa nimemposa Nyamizi, binti wa Mzee Maganga wa Lusu, kule Nzega. Kwetu posa haikamiliki kwa maneno. Mchumba huenda ukweni akalime, watu wamtazame anavyoshika jembe, anavyokula, anavyoamka. Nikaona nitawapita wote waliotangulia: nitakwenda kulima ukweni kwa trekta. Mzee Salum akakubali kuniazima. Alipokuwa akinikabidhi akaniambia, "Barabarani kwenye ukavu kijiti kiache, utaisaga gia na kumaliza mipira bure. Ukifika mbugani, kivute kabla hujaingia matopeni. Kabla, kijana. Si baada."

Nikaitikia vizuri tu, na maneno yakaingia sikio hili yakatokea lile. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Nilifika Lusu siku ya pili, na kesho yake asubuhi tukaenda mbugani, kule bondeni kwenye udongo mweusi wa mpunga. Sasa elewa hali ya Mzee Maganga. Ng'ombe wake wa jembe walikuwa wamekufa kwa maradhi. Mwaka uliotangulia alikodi trekta kubwa, likazama, likabomoa kingo za majaruba, maji yakakimbia na mpunga ukakauka. Safari hii alinitegemea mimi. Wanawake walikuwa wamekwisha kung'oa miche kitaluni tangu alfajiri, wameifunga mafungu, imelala ukingoni. Mche uliong'olewa hauna subira, mwanangu. Usipowahi kupandwa, ndiyo njaa ya nyumba nzima, maana mbegu nyingine hakuna.

Nikapanda juu ya trekta na suruali yangu ya kaki iliyopigwa pasi. Kijiti sikukigusa. Nizunguke mbele ya wakwe kama mwoga? Mizunguko miwili ya kwanza ilikwenda salama, ukingoni ambako udongo ni mgumu kidogo. Nilipofika katikati, magurudumu ya nyuma yakaanza kuserereka. Nikaongeza mafuta. Kumbe kadiri nilivyoongeza ndivyo yalivyojichimbia kaburi katika ule udongo mweusi, mpaka trekta likakalia tumbo. Hapo ndipo nilipokivuta kijiti, na majuto ni mjukuu. Tumbo likishakaa chini, hata uwe na miguu minane utapiga matope tu.

Wakaja watu na majembe, Mzee Maganga mwenyewe mbele, wanawe wawili, na majirani waliokuja kusaidia. Wakaanza kuchimba, wakaleta mabua ya mtama ya kutandika. Na mimi? Mimi nilikaa kitini, nimeshika usukani, nawaelekeza. "Chimbeni huku. Hapana, kule." Mama mkwe alikuwa ukingoni pamoja na wanawake, na kwa mila zetu mkwe na mama mkwe huheshimiana kwa kukwepana. Basi nikajiambia si adabu kushuka nikakunja suruali mbele yake. Mila nikaifanya kisingizio. Ukweli ni kwamba niliihurumia kaki yangu.

Mzee Maganga akachimba, akachoka, akasimama kuegemea jembe. Akaligonga gurudumu la mbele kwa mpini.

"Hili kazi yake nini, mkwe?"

"Kuonyesha njia, mzee."

"Halivuti?"

"Linavuta, mtu akitaka."

"Na wewe hukutaka."

Akajipangusa uso, akasema polepole, "Baba yangu alikuwa mpagazi. Alikwenda pwani na kurudi katika njia hii hii ya misafara, mara nyingi kuliko vidole vyangu. Alikuwa akituambia, kirangozi, yule mtu wa mbele anayejua njia, naye alikuwa na mzigo begani. Angetembea mikono mitupu, nani angemfuata hadi pwani?" Kisha akainama kuendelea kuchimba, wala hakunitazama tena.

Mwanangu, nilitamani ardhi inimeze, na ilikuwa imekwisha kuanza kunimeza. Nilishuka na kaki yangu na viatu vyangu, matope hadi magotini. Mama mkwe mwenyewe akatugeuzia kisogo, mila ikatunzwa bila taabu yoyote. Tukachimba pamoja, tukatandika mabua. Nikapanda, nikavuta kijiti kwanza, nikakanyaga mafuta kidogo kidogo, na lile ndama likatoka.

Toka hapo kijiti sikukirudisha. Trekta lilikwenda taratibu, mbele panavuta na nyuma panasukuma, bila kuserereka, na kwa wepesi wake halikuushindilia udongo. Liligeuka ndani ya jaruba dogo bila kugusa kingo. Wanawake walinifuata nyuma wakipanda, na fungu la mwisho la miche liliingia majini jua likizama. Nilifurahi hata nikasahau njaa.

Jioni ile Mzee Maganga aliniita. "Binti sikunyimi kwa sababu ulizama," akasema. "Kila mtu huzama. Ningekunyima kama ungebaki kule juu." Nyamizi nilimwoa baada ya mavuno ya mpunga ule ule, na mpaka leo akikasirika huniuliza kama nimekuja kuvuta au kuonyesha njia.

Basi shika haya. Miguu minne si woga, ni akili, hasa kwa trekta dogo lisilo na uzito wa kujitetea. Vuta gia yako ungali mahali pakavu, kabla ya matope, na ukirudi barabarani iachie ipumzike. Lakini usiishie kwenye chuma. Utakuwa na mke, utakuwa na watoto, huenda watu wakakufanya kiongozi wao. Usiwe gurudumu la kuonyesha njia huku wengine wanavuta. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Mungu akupe mvua kwa wakati wake, akupe mwenzi wa kuvuta naye. Na siku utakayozama, maana utazama tu, akujalie wepesi wa kushuka. Amina.