Chumvi Inaposhika Chupa

Niliondoka Kitale kwa sababu dada yangu Nafula alikuwa ameacha kula. Anaongoza kitengo cha kompyuta katika kampuni inayonunua mahindi: chumba kimoja, watu wanne, ambao wenzao huwakumbuka tu printa ikigoma. Mwaka huu walibuni kitu chao wenyewe. Mkulima angejibu ujumbe kwenye simu, aseme mahindi yake yana unyevu kiasi gani, na kampuni ingempelekea lori lenye mashine ya kukausha kabla hayajaoza. Wiki tatu zikapita. Kutoka Chwele, walikoanza kujaribu, hakujibu mkulima hata mmoja. Ijumaa wakubwa wangeamua kama chumba kile kifungwe, kazi wapewe watu wa Nairobi.

"Si tuende tuwaulize?" nilimwambia.

"Wewe umezoea hadithi. Mimi nimezoea mitambo."

Lakini Jumatatu asubuhi alinipitia na pikapu ya kampuni.

Tulipita Kiminini, kisha Kamukuywa. Mlima Elgon ulikuwa umejifunga wingu kiunoni, na kando ya barabara watu walikuwa wakifunika mahindi yao haraka haraka. Tulipokaribia Kimilili, Nafula akasema:

"Baraza amepata mtoto. Ana miezi miwili."

Baraza ni mmoja wa wale watatu anaofanya nao kazi. Nikaelewa kwamba njia nzima hakuwa akijiwazia yeye.

Chwele ilikuwa siku ya soko. Tulipita katikati ya ng'ombe na magunia ya vitunguu, tukaelekezwa kwa Mama Wekesa, mkulima ambaye jina lake lilikuwa la kwanza kwenye orodha ya Nafula. Tulimkuta uani na jirani zake wawili, wakigeuza mahindi juu ya turubai.

"Kumbe ni nyinyi mnanitumia mtihani?" akasema.

"Mtihani gani, mama?"

"Si hii? Ati asilimia. Mimi niliacha shule darasa la sita, bana, na sasa mnaniletea mwalimu ndani ya simu!"

Jirani zake walicheka hadi wakashikana mabega. Nafula alitabasamu kwa shida. "Sasa wewe unajuaje kama yamekauka?"

Mama Wekesa alimtazama kwa huruma. Akaingia jikoni, akatoka na chupa kavu ya soda. Akatia mahindi kiasi, akatia chumvi, akaziba kwa kiganja na kutikisa. Chumvi ikaganda kwenye kioo.

"Umeona? Imeshika. Bado. Siku itakataa kushika, hapo nafunga gunia. Mama mkwe alinifunza nikiolewa hapa."

Nafula aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Macho yalimjaa machozi. "Miezi yote ile ya kubuni," alisema, "na hatukuuliza mtu."

"Usilie, mtoto wangu. Si umeuliza leo? Kunywa chai kwanza."

Bungoma tulifika alasiri, kwenye ghala la kampuni. Nafula alifuta swali la zamani lote, akaandika: Chumvi imeshika chupa? Jibu 1 ikishika, 2 isiposhika. Akatuma. Hatukuwa hata tumevua viatu simu ilipolia. Alikuwa Mama Wekesa: "1. Kujeni mbio mvua iko karibu." Nafula aliusoma kwa sauti, mara mbili. Majibu mengine yakafuata, na Jumatano lori likapanda Chwele.

Ijumaa, Kitale, nilimngoja nje ya ofisi. Alitoka amekumbatia kompyuta yake kama mtoto aliyelala.

"Wametuacha tuendelee," alisema. "Lakini kila Jumatatu tuwe kwa wakulima, wote wanne."

Mimi ninayeishi kwa maneno nilikuwa sijajua kwamba swali linaweza kumfungia mtu mlango, na kwamba anayelitunga hasikii mlango ukifungwa mpaka aende akasimame upande wa pili.

Jumatatu iliyofuata nilipita pale. Chumba kilikuwa kimetiwa kufuli, na mlinzi aliniambia kwa masikitiko kwamba labda watu wa kompyuta wamefutwa. Kumbe walikuwa njiani kwa wakulima wa eneo la Kwanza.